Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya na wa polisi: tibuni mtu kwanza, PF3 itafuata

Waheshimiwa Waziri wa Afya na Waziri wa Mambo ya Ndani, wakubwa wa TAMISEMI maana hospitali zetu za wilaya ziko mikononi mwenu, IGP na makamanda wa mikoa, na wewe Kamishna wa Bima usiache kusoma, kuna sehemu yako huko chini. Shikamooni.

Mi ni mwalimu wa sekondari mkoa wa Pwani. Sina cheo wala sijui kuandika barua za kiofisi za kumb namba, ntaandika kama ninavyoongea mnivumilie. Nilichonacho ni karatasi moja tu, PF3 ya mdogo wangu, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumia, ipo hapa mezani naiangalia na ndo iliyonifanya niandike.

Ilikuwa Jumamosi. Walikuwa kwenye Noah wanatoka Segera wanakuja Chalinze, kabla ya kufika Wami fuso iliyokuwa inaovateki ikawaingia ubavuni. Mdogo wangu alikaa dirishani, kichwa kikapiga ile nguzo ya mlango. Wenzie wanasema alizimia kidogo, dakika mbili tatu hivi, afu akaamka akatoka mwenyewe kwa miguu yake, tena akasaidia kumtoa mama mmoja na mtoto wake. Saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi akanipigia simu, muda ninao bado kwenye simu sijaufuta, akasema dada tumepata ajali ila mi mzima usimwambie mama, kichwa tu kinauma kidogo.

Nikachukua bodaboda nikamkuta hospitali ya wilaya, sitaitaja jina kwasababu sitaki mtu mmoja pale abebeshwe mzigo ambao ni wa nchi nzima. Kasimama mapokezi, shati lina vumbi, damu kidogo tu juu ya sikio. Dada wa mapokezi akauliza, mna PF3? Hatuna, ndo kwanza katoka kwenye ajali. Akasema basi kamfuatieni PF3 kituoni, bila hiyo siwezi kumfungulia faili ntaulizwa mimi. Na nataka mjue hakuwa mkali, hakututukana, alinionea huruma kabisa akatuonyesha benchi tukae. Alikuwa anafuata alichoambiwa na mabosi wake, na mabosi wake wanafuata walichoambiwa na nyie, au wanachodhani mliwaambia.

Nikamwacha kwenye benchi na yule mama mwenye mtoto nikaenda kituoni. Kaunta wakasema PF3 ya ajali inatolewa na trafiki aliyeenda kupima ajali, na trafiki bado yuko barabarani anapima, subiri arudi. Nikasubiri. Hamna aliyeniomba hata shilingi mia, fomu ni bure na nimepewa bure, kwahiyo hii barua haihusu rushwa kabisa, na naomba asitokee mtu wa kuigeuza ikawa barua ya rushwa afu mkakamata askari mmoja mkaona mmemaliza. Trafiki alirudi saa saba na nusu mchana, jua lote limempiga, akanijazia fomu vizuri, akagonga muhuri, akanipa pole. Saa saba na dakika arobaini, ameandika mwenyewe.

Narudi hospitali namkuta amelala kwenye benchi. Watu walimwona anasinzia wakadhani ni uchovu wa safari na mshtuko, wakamwachia nafasi ajinyooshe, walifanya kwa upendo. Alikuwa ameshatapika mara mbili, yule mama kafuta kwa kanga yake. Nikamwamsha akafungua macho akaniita kwa jina la mama yetu. Hapo ndo nilipiga kelele mpaka daktari wa zamu akatoka ndani, na yule daktari Mungu ambariki, alivyommulika macho na tochi tu akaanza kukimbia, maana mboni ya jicho moja ilikuwa imeshakuwa kubwa kuliko nyingine. Hakuangalia PF3, aliiacha pale kwenye kiti.

Kilichofuata mnakijua, kila siku kinawatokea watu. Siti skani, ile mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, pale hamna, rufaa Dar. Ambulensi ipo na dereva yupo ila mafuta hamna, tukachangishana ndugu kwa simu laki moja na ishirini, ikaondoka saa kumi na nusu jioni, foleni ya kuanzia Kibaha mnaijua, amepasuliwa kichwa saa nne usiku. Toka aumie mpaka apasuliwe ni karibu masaa kumi na mawili, na zaidi ya matatu kati ya hayo yameliwa na karatasi.

Daktari aliyempasua alinichorea. Hapa juu ya sikio mfupa wa fuvu ni mwembamba na kwa ndani unapita mshipa wa damu. Ukipigwa pale mfupa unaweza kupata ufa, mshipa unachanika, damu inaanza kuvuja taratibu kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Mtu anaweza kuzimia kidogo afu akaamka akaongea vizuri kabisa, akatembea, akapiga simu nyumbani, na wakati huo donge la damu linakua linaukandamiza ubongo. Masaa machache baadae ndo kichwa kinazidi kuuma, anatapika, anasinzia, anachanganya majina, mwisho hazinduki. Aliniambia huyu mgonjwa akifika mapema ni moja ya operesheni zenye kuleta matumaini zaidi kwenye upasuaji wa kichwa, damu inatolewa, mtu anarudi nyumbani. Neno lenyewe ni mapema. Sikumuuliza tungefika mapema ingekuwaje, niliona usoni kwake hataki niulize.

Mdogo wangu yupo hai namshukuru Mungu. Alikuwa fundi cherehani, tena fundi wa suti. Mkono wa kulia sa hivi haushiki vizuri, na maneno mengine yamepotea, mkasi anauita kile cha kukatia. Ana miaka 29.

Sasa waheshimiwa najua mtajibu nini, mtasema mbona tulishasema. Ni kweli, viongozi mmeshasema hadharani zaidi ya mara moja kwamba majeruhi atibiwe kwanza PF3 ije baadae, tumewasikia kwenye redio. Mi nawaamini kabisa kwamba mlimaanisha. Lakini nendeni pale mapokezi mtafute hayo maneno yenu yalipo. Ukutani pameandikwa saa za kuona wagonjwa, pameandikwa usitoe rushwa, pameandikwa lipa kwa kontro namba, hayo maneno yenu ya redioni hayapo. Yule dada wa mapokezi anajua akimpokea majeruhi bila fomu na baadae ikaja kesi, atakayeitwa kujieleza ni yeye, sio aliyeongea redioni. Tamko la mdomo halimlindi. Anayemlinda ni waraka wenye saini, umebandikwa juu ya kichwa chake, unaosema mtu yeyote aliyeumia akifika hapa anaingia ndani, fomu baadae, pesa baadae, na mtumishi atakayempokea hataulizwa, atakayemrudisha ndo ataulizwa. Karatasi moja ya A4, wizara mbili zisaini pamoja, ya afya na ya mambo ya ndani, maana ikisaini moja tu nyingine itasema haijui.

Na sisemi PF3 ifutwe, naomba mnielewe. Naijua kazi yake. Polisi anaandika nani kaumia na tukio gani, daktari anaandika majeraha, inarudi kituoni, inaenda mahakamani, ndo ushahidi wenyewe, bila hiyo mtu angepigwa panga likaitwa ajali na mwenye gari angegonga mtu akaitwa mlevi aliyeanguka. Mwanamke aliyepigwa na mumewe anaihitaji hiyo fomu. Lakini hebu fikirini, ushahidi mzuri ni upi, wa kidonda alichokiona daktari dakika ya kumi au alichokiona saa ya nne kikiwa kimeshavimba na mgonjwa hawezi kujieleza? Daktari akitibu kwanza anaandika kila kitu kwenye faili, saa na dakika, afu fomu inajazwa kutoka kwenye faili. Kumchelewesha majeruhi kunaharibu mpaka hiyo kesi mnayotaka kuilinda.

Na kwanini mwenye kuumia au dada yake ndo aifuate fomu? Askari aifuate hospitali. Zipo hospitali ambazo tayari zina kituo kidogo cha polisi getini. Pasipokuwepo, trafiki anatoka kwenye ajali anapita hospitali kwanza kabla ya kituoni, anao watu wake wote pale wamepangana kwenye mabenchi, anawajazia palepale mbele ya daktari. Kwa trafiki wenyewe ingekuwa kazi rahisi zaidi.

Usiku mwingi nimekaa nasoma kwenye simu jinsi nchi zingine walivyofanya, maana nilitaka kujua kama ni sisi tu. Sio sisi tu. India, jamaa wa skuta aligongwa na gari, akapelekwa hospitali ya karibu, wakamkataa wakasema sie haturuhusiwi kushika kesi za polisi mpelekeni nyingine, hiyo nyingine ilikuwa kilomita 20, akafia njiani. Kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya India na mwaka 1989 ikaamuliwa kwamba kila daktari wa serikali au wa binafsi ana wajibu wa kuokoa maisha kwanza na taratibu za polisi haziwezi kusimama mbele ya wajibu huo. 1989, wengi wa wanafunzi wangu hata wazazi wao walikuwa bado watoto. Nigeria wao mwaka 2017 wakatunga sheria kabisa kwamba mtu aliyepigwa risasi atibiwe awe na kibali cha polisi au asiwe nacho, yaani risasi, jambo la jinai kuliko fuso iliyoovateki. Majirani zetu Kenya kwenye katiba yao ya 2010 ibara ya 43 wameandika mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Na hapo Kenya pia ndo tunapojifunza kwamba maandishi peke yake hayatoshi, maana mwaka 2015, katiba hiyo ikiwepo, Alex Madaga aligongwa na gari Nairobi akazungushwa kwenye ambulensi masaa 18 anatafutiwa kitanda cha ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, akafariki. Kwahiyo sitaki tu sheria, nataka na kitanda, na mafuta, na mtu wa kuulizwa.

Kitu kingine kinachoniuma ni kwamba vingi tunavyo. Benchi alilolala mdogo wangu linaangaliana na mlango wa jengo la dharura, jengo jipya zuri, kati ya yale yaliyojengwa nchi nzima kwa zile hela za UVIKO, yaani korona, za mwaka 2021, ile trilioni 1.3. Hatua labda kumi na tano kutoka benchi mpaka mlangoni. Madaktari wa dharura nchi hii inawafundisha yenyewe pale chuo cha afya cha MUHAS, Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura tangu 2010. Hatujashindwa kujenga, hatujashindwa kusomesha.

Na kuna mambo hayahitaji hata mashine. Kuna kipimo cha kuangalia mtu aliyeumia kichwa kinaitwa kipimo cha Glasgow, kipo tangu 1974, nesi anaangalia vitu vitatu, macho yanafunguka vipi, anaongea vipi, viungo vinajibu vipi, anajumlisha alama, mzima ana 15 na wa chini kabisa 3. Anarudia baada ya muda, alama zikishuka hata mbili ni hatari. Kinataka kalamu. Mdogo wangu aliingia pale akiwa 15 au karibu na hapo, na mtu angepita kwenye lile benchi kila nusu saa na kalamu angeziona zinashuka saa sita mchana, sio saa nane. Dawa nayo ipo, traneksamiki asidi, inasaidia mwili kuzuia damu kuvuja, utafiti mkubwa wa majeruhi zaidi ya 20,000 kwenye nchi 40 ulitoka mwaka 2010, ukaonyesha inaokoa watu wanaovuja damu, lakini lazima itolewe ndani ya masaa matatu, yakipita matatu haisaidii na inaweza kudhuru. Masaa matatu! Mimi kaunta ya polisi peke yake imenichukua karibu hayo.

Hili nawaomba trafiki pia, kwa heshima zote maana kazi yenu naiona. Kwenye ajali wale wanaolia na kupiga kelele wanabebwa wa kwanza, wale waliosimama pembeni wanaambiwa nyie wazima pandeni gari lingine muendelee na safari. Msiwaache waende. Mtu anaweza kuwa ametembea na bandama imechanika ndani, alama yenyewe ni mstari tu wa mkanda tumboni na maumivu yanayopanda mpaka bega la kushoto, anafika nyumbani anaoga analala na asubuhi hawamwamshi. Mwingine shingo inakaza, anapewa panado na kuchuliwa na mafuta, kumbe mfupa wa shingo umepata ufa na kule kuchuliwa ndo kunammaliza. Kila aliyekuwemo kwenye gari aonwe na mtaalamu, awe anatoka damu au hatoki. Na akiruhusiwa apewe kikaratasi cha Kiswahili cha kueleweka, ukiona kichwa kinazidi kuuma, unatapika, unasinzia kupita kawaida, unaona mbili mbili, mkono au mguu unakosa nguvu, tumbo linakaza, rudi muda huohuo usingoje kuche. Yule mama alimwangalia mdogo wangu masaa mawili na zaidi kwa moyo wote, angekuwa nacho hicho kikaratasi angepiga kelele kabla yangu.

Ambulensi. Mbona kwa mama mjamzito mmeweza? Mpango wa m-mama nausifu mbele ya mtu yeyote, mama akizidiwa kijijini inapigwa 115 bure, ambulensi ikikosekana anatafutwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa anambeba na analipwa kwa simu, na mwaka 2022 serikali ikauzindua kitaifa. Shangazi yetu mmoja amejifungua salama kwa mpango huo. Sasa namba ipo, watu wa kupokea simu wapo, madereva wapo na malipo ya simu yapo, ongezeni majeruhi wa barabarani waingie humohumo, mtengee fungu lake ili lisile la akina mama. Anzeni hata na barabara moja, hii ya Morogoro na Segera, muone.

Kamishna wa Bima, sehemu yako ndo hii. Kila gari lililo barabarani kisheria lina bima ya mtu wa tatu, fuso ile ilikuwa na stika yake nimeiona. Hiyo bima italipa, labda, baada ya kesi na barua na miezi mingi. Lakini mafuta ya ambulensi yalitakiwa siku ileile saa tisa alasiri. Kwanini kusiwe na sehemu ya hiyo bima inayokwenda moja kwa moja hospitali kwa matibabu ya masaa ya kwanza, bila kuuliza nani mwenye kosa, afu makampuni yakadaiane yenyewe baadae? Bunge limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, hili jambo lina pa kukaa, kaeni chini na wenzako wa afya mliwekee kifungu. Hospitali ikijua italipwa haitaangalia mfuko wa mgonjwa mlangoni.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka duniani na wengi sana ni wa nchi kama zetu. Mwendokasi, matairi mabovu, madereva waliochoka, hayo mnayashughulikia na muendelee. Mi naongelea wale ambao gari limeshagonga na bado wanapumua, wameshafika mpaka mlangoni kwenu. Huyo hajafa barabarani huyo, yupo hospitali.

Nakala nimepeleka kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa mkuu wa kituo, wote wamepokea na kugonga muhuri, na mganga mkuu amesema atawaambia watu wa mapokezi wawe wanapokea. Nikamwomba aandike. Akasema anasubiri waraka kutoka juu. Kwahiyo narudi kwenu nyie mlio juu, nauomba huo waraka, namba yangu ya simu na barua yenye saini vipo kwenye masijala zenu.

Hii PF3 upande wa polisi inasomeka saa 7:40 mchana. Chini yake upande wa daktari, pale pa kuandika hali ya majeruhi alipofikishwa hospitali, ameandika hajitambui.